Sauti ya Mkono Wako Mwenyewe

Siku ya arobaini na moja Sikitu alikipiga teke kiti chake mwenyewe, kikaenda kugonga kabati la vipuri, na bado namba ya ukutani haikusogea. Tisini na saba nukta mbili. Ileile ya jana, ya juzi, ya wiki iliyopita. Ungedhani imepigiliwa misumari.

"Rudia," aliuambia mtambo.

Mtambo ukarudia. Wimbo ulikuwa "Barua ya Pili" wa bendi ya Bigwa Jazz, uliorekodiwa kwenye kaseti mwaka 2008 ndani ya ukumbi wa parokia, nje kidogo ya Morogoro mjini. Miaka sitini na mitatu imepita, na ile solo ya gitaa ya sekunde ishirini na nane bado inawatoa watu machozi. Watu wameposa kwa solo ile. Wengine wameachana nayo ikilia redioni, wakarudiana nayo ikilia tena. Na jina la mpigaji liliandikwa kwenye jalada kwa wino mweusi: Fulgence Kobelo, baba wa mama yake Sikitu.

Mtambo wenyewe haukuwa na uchawi. Unaulisha kaseti, halafu unauambia: hapa palikuwa na amplifaya ya valvu nne za kioo, waliyoiacha mapadre, spika ya inchi kumi na mbili, imechanika ukingoni ikashonwa kwa uzi wa viatu, dari ya bati, sakafu ya saruji, watu kumi na mmoja wamesimama. Unavijenga vyote hivyo kwa hesabu, kimoja kimoja, kisha unaviondoa kwenye sauti, kama unavyomenya kitunguu. Kinachobaki mwishoni ni mkono mtupu wa mpigaji. Sikitu aliutaka mkono huo. Aliutaka ufanane na wa kwenye kaseti kwa asilimia tisini na tisa na nusu, na aliutaka kabla ya Alhamisi. Leo ilikuwa Jumanne.

Sababu yake ilikuwa imeegemea mlango, imevaa kofia ya mkeka. Babu Kobelo alikuwa na miaka themanini na minane na uziwi wa miaka sita. Alikuwa amevaa miwani yake ya maandishi, ile ambayo ukisema neno linampitia kwenye kioo kwa herufi za kijani. Mazungumzo yakimchosha huivua, akaitia mfukoni na kufunga kifungo. Hapo utaongea na ukuta.

"Bado tu, mke wangu?" aliuliza. Alikuwa anapiga kelele, maana kiziwi hajui kipimo cha sauti yake. Hata akiomba chumvi mezani, majirani wanaleta.

"Shikamoo babu. Bado. Njoo uguse."

Mzee akaja, akaweka kiganja juu ya spika na kufumba macho. Sikitu akapiga ile solo. Mzee akasikiliza kwa ngozi, kisha akatikisa kichwa.

"Hii inaruka. Ile ilikuwa inatambaa. Nilishakwambia, amplifaya ile ilikufa na sauti yake."

Maneno hayo Sikitu alikuwa ameyasikia tangu hajaota meno ya pili. Baada ya kaseti kutoka, watu walijaza kila ukumbi ili babu yake awapigie ile solo. Akaipiga, na watu wakatazamana. Noti ni zilezile, lakini siyo ile. Akalaumu amplifaya, akabadilisha spika, akabadilisha nyuzi, na miaka miwili baadaye akaliacha gitaa moja kwa moja. Mjukuu akakua na hadithi hiyo kichwani. Akasomea ufundi wa sauti kwa ajili yake. Sasa hadithi ilikuwa imegeuka kuwa dawa, na dawa haikuwa inapatikana.

Maana Alhamisi, saa nane mchana, Dokta Urassa angempandikiza mzee uzi wa neva. Uzi huo ni mwembamba kuliko unywele, lakini ni mjinga kama mtoto mchanga. Haujui kusikia mpaka ufundishwe. Unafundishwa kwa sauti moja tu, na lazima iwe sauti ambayo ubongo uliwahi kuitengeneza kwa mkono wake wenyewe. Mwimbaji hupewa koo lake. Mhunzi hupewa nyundo yake. Ukiupa sauti ya mtu mwingine, neva inajifunga na haifunguki tena mpaka kaburini. Nafasi ni moja.

"Tutapata," Sikitu alisema, na herufi za kijani zikampitia mzee machoni. Mzee akacheka, akaondoka. Sikitu akarudi kung'ata kucha.

*

Jumatano asubuhi alikuwa barazani kwa bibi yake, anakwenda huku anarudi huku. Bibi Eufrasia, aliyefundisha chekechea ya masista kwa miaka thelathini, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Kaa chini, mke mwenzangu. Unanitia kizunguzungu."

"Siwezi kukaa, bibi. Nimeweka kila kitu. Valvu, spika, ule uzi wa viatu, bati, hata joto la mchana. Hata unyevu wa ukuta nimeweka. Umeme volti mia mbili na thelathini, waya wa..."

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Volti mia mbili na ngapi? Nani kakudanganya?"

"Ndio umeme, bibi. Umeme ni huo."

"Umeme ni huo kwenu, mliozaliwa umeshanyooka. Sisi umeme wetu ulikuwa na hali yake, kama mtu. Ukumbi na mashine ya kusaga vilikuwa kwenye waya mmoja. Mashine ikiwashwa, taa za ukumbini zinakuwa rangi ya papai. Ikikamata mahindi ndio kabisa, feni inahesabika mapanga. Lile amplifaya lilikuwa linakosa pumzi, mwanangu. Noti inanywea kwanza, halafu inafumuka polepole."

Sikitu alisimama kama aliyemwagiwa maji. Siku arobaini na mbili! Alikuwa amepima mpaka jasho la ukuta, na hakuwahi kujiuliza kama umeme unaweza kupungua. Ingemjiaje? Katika maisha yake yote hakuwahi kuona taa ikififia.

"Bibi, nakupenda," alisema, akatoka mbio bila viatu. Nyuma yake bibi alifungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, akaufunga, akaurudia mchele wake.

Karakanani hakukaa. Alisimama, akashusha volti kwenye hesabu: mia mbili, mia na themanini, mia na sitini na mbili. Namba ya ukutani ikatikisika. Tisini na nane. Tisini na tisa. Tisini na tisa nukta sita. Akaipiga solo, nayo ikatambaa, ikanywea, ikafumuka, na Sikitu akakaa sakafuni akalia kwa furaha kama mpuuzi. Maisha yake yote alikuwa akiisikia sauti hiyo kwa mbali, kupitia mikwaruzo ya kaseti. Leo ilikuwa chumbani, inapumua.

Alipomaliza kulia, mtambo ulikuwa umemchorea ukutani mstari wa umeme wa siku ile, kupanda na kushuka. Umeme ulishuka mara saba ndani ya wimbo. Kila mshuko ni debe moja la mahindi linamiminwa, mota inakaza, kisha inaachia.

"Huyo babu huyo, anasaga!" alisema peke yake, akicheka.

Kicheko kikakatika.

Kwa sababu babu alikuwa ndiye msagaji. Amewasimulia mara elfu, kila sikukuu, kwa majigambo: mwenye mashine hakumruhusu mtu mwingine yeyote kuugusa mkono wa swichi, maana mwingine aliwahi kuunguza mota. Kobelo hayupo, mashine haisagi, wanawake wanarudi na mahindi yao. Na kati ya mashine na ukumbi kulikuwa na ukuta na uchochoro. Mtu hawezi kumimina mahindi upande huu na kupiga gitaa upande ule.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana."

Akauamuru mtambo umenye ganda la mwisho, umwonyeshe mkono. Ukamchorea: mkono mdogo, vidole vifupi, kidole cha mwisho kina nguvu kuliko desturi. Sikitu alikijua kidole kile. Kilimfinya masikio utoto wake wote.

*

"Umefika," alisema Bibi Eufrasia alipomwona mlangoni. "Nilijua ukikimbilia umeme, utafika huku."

"Kumbe uliniambia makusudi?"

"Sijui. Mdomo uliniponyoka. Labda ulichoka kufungwa." Akamvutia kigoda. "Ilikuwa Jumamosi. Mrekodi amekuja na mitambo yake kutoka Dar, anaondoka siku ileile. Na siku ileile ikaja oda ya mahindi ya shule, gunia hamsini. Tajiri wa mashine akakataa kumwachia babu yako, hata saa moja. Solo ile mimi ndiye niliyemfundisha, jioni, tukiwa wachumba. Nilijifunza gitaa kwayani. Basi wanabendi wakaja kunichukua. Nikaingia na kanga kichwani, nikapiga mara moja, nikatoka mlango wa nyuma. Masista wangejua napiga dansi, kazi yangu kwaheri."

"Na jalada?"

"Liandikwe nini? 'Mwalimu wa chekechea'? Likaandikwa jina lake. Nilikubali mwenyewe, sikulazimishwa. Nilidhani tukishaoana, tukishazeeka, masista wakishakufa, siku moja atasema. Nimengoja. Bendi nzima wamekufa mmoja mmoja, na kila nikitoka mazikoni najiambia, leo atasema. Inaniuma, Sikitu. Usinione nachambua mchele ukadhani hainiumi."

Sikitu alimshika mkono.

"Bibi, kesho watamtia mkono wako sikioni. Neva itafunga. Lazima aseme."

"Hawezi. Ule uongo sasa una watoto na wajukuu, ataukana mbele ya nani?" Bibi akafikiri. "Upande wa pili wa kaseti, wimbo wa nne. Ilikuwa Jumapili nyingine, mrekodi amerudi kumalizia kaseti, mashine imefungwa. Hapo ndiye yeye, anapiga rizimu, gitaa la kusindikiza. Hakuna aliyewahi kuusikiliza. Chukua huo, ubadilishe kimyakimya. Asikie, yaishe."

"Nimbadilishie kichwani mwake bila yeye kujua?"

"Unataka abaki kiziwi kwa ajili ya ukweli?"

"Sitaki lolote kati ya hayo, bibi!" Sikitu alikuwa ameshasimama tena. "Ni kichwa chake. Siyo redio hiyo, kwamba nibadilishe stesheni mwenyewe hayupo."

"Na usimwumbue," alisema bibi. "Hata ufanyeje. Ni mume wangu."

Rizimu ya Jumapili ilimchukua saa moja tu, umeme wake ukiwa mzima. Tisini na tisa nukta saba. Ilikuwa rizimu ya kawaida kabisa, ya mtu anayeshika wakati vizuri na hana makuu. Sikitu aliisikiliza mara tatu, akaipenda, na kuipenda kukamuudhi. Akazitia sauti mbili kwenye shanga mbili za kumbukumbu: nyeupe ya bibi, nyeusi ya babu.

*

Wodi ilikuwa na vitanda vinane na pazia la kijani kati ya kila viwili. Bibi alikataa kuingia. Alikaa kwenye benchi la koridoni, mlango ukiwa wazi, mkoba mapajani. Muuguzi alileta fomu kwenye kibao, akasoma taratibu ili miwani ya mzee isipitwe: "Je, sauti utakayowekewa ni sauti ya mkono wako mwenyewe?"

"Ndiyo," alinguruma Babu Kobelo. Mgonjwa wa kitanda cha tatu akaruka.

"Weka kidole hapa basi, mzee wangu."

"Dada, tupe dakika," Sikitu alisema, akavuta pazia.

Alipiga magoti kando ya kitanda ili mdomo wake uwe karibu na ile miwani. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, na yote yalikuwa yamemtoroka.

"Babu, nimepata ile sauti. Nimeipata kabisa. Ilikuwa umeme. Mashine ilikuwa inausumbua umeme wa ukumbini." Mzee akaanza kutabasamu. "Ulishuka mara saba kwenye wimbo ule. Babu, siku ile kwenye mashine alikuwa nani?"

Herufi zilipita. Aliziona zikipita, kijani juu ya macho yale ya kizee, na tabasamu likabaki pale pale bila mwenyewe.

Kisha mzee akaivua miwani, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Babu! Babu, usinifanyie hivyo, tafadhali. Ukiweka kidole neva itafunga, hutasikia tena!" Alikuwa anaiambia dari. Mzee alikuwa anatazama vidole vya miguu yake chini ya shuka.

Pazia likafunguliwa. Dokta Urassa, mwanamke mrefu asiyependa kungoja, alinyoosha kiganja. "Shanga, tafadhali. Chumba cha upasuaji ni chetu kwa saa moja tu. Fomu tayari?"

"Bado kidole," alisema muuguzi.

"Mwekeni."

Sikitu alitia mkono mfukoni. Shanga mbili zilikuwa zinagongana, na hakuhitaji kutazama. Nyeusi ilikuwa na mkwaruzo. Angempa daktari nyeusi na kunyamaza. Mzee angeamka anasikia, na sauti ya kwanza kichwani mwake ingekuwa rizimu ya Jumapili, na angejua papo hapo kwamba wamemjua, wamemwamulia, wakambeba kama gunia. Au angempa nyeupe, aliyoidai mzee mwenyewe kwa mdomo wake, na wakamzika mzima ndani ya ukimya. Alimchukia daktari, akamchukia bibi, akamchukia huyu mzee mbishi anayempenda kuliko watu wote. Akaitoa nyeusi. Mkono wake ulikuwa nusu ya njia alipohisi mtu anamvuta mkono wa gauni.

Babu alikuwa anamwita kwa kidole. Sogea. Sogea zaidi.

Sikitu akainama. Mzee akatazama huku na huku, akahakikisha hakuna aliye karibu sana, akaweka kiganja kando ya mdomo kama mtu anayetoa siri, akamsogelea sikioni. Alidhani ananong'ona. Masikini, kwa moyo wake wote alidhani ananong'ona.

"ALIYEPIGA NI EUFRASIA!"

Mahali fulani wodini kijiko kilianguka.

"MIMI SIKUWEPO! NILIKUWA NASAGA! NILIJARIBU MIAKA MIWILI KUPIGA KAMA YEYE, NIKASHINDWA, NIKASEMA AMPLIFAYA IMEKUFA! WATU WALIKUWA WANANIPA MIKONO BARABARANI, NAMI NAPOKEA, HUKU YEYE AMEBEBA NDOO YA MAJI KANDO YANGU! NILIONA HAYA, SIKITU! KILA MWAKA HAYA ZINAZIDI! AFADHALI UZIWI, NILISEMA, KULIKO KUMTAZAMA MACHONI!"

Sikitu alikuwa analia sasa, bila kujificha. Mzee akamfuta machozi kwa kidole gumba, akatazama tena kulia na kushoto, akarudisha kiganja kando ya mdomo.

"USILIE KWA SAUTI," alisema. "BIBI YAKO YUPO KORIDONI, ATASIKIA."

Bibi alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama penye pazia, mkoba umemwangukia miguuni, na watu wa vitanda vyote vinane walikuwa wamegeuza shingo wanamtazama yeye, siyo mzee. Mtu mmoja, mgonjwa wa kitanda cha tatu, mwenye bandeji kichwani, alimuuliza taratibu: "Mama, ile solo ya 'Barua ya Pili'? Ni wewe?"

"Ni mimi," alisema Bibi Eufrasia. Akakohoa, akarudia. "Ndiyo. Ni mimi."

Hapo mzee akamwona. Uso ulimshuka wote. Akakimbilia mfuko wa shati kutafuta miwani, vidole vinababaika kwenye kifungo, kifungo kinagoma, naye anasema, "Eufrasia, Eufrasia, ngoja, unasemaje, ngoja..."

Bibi akakaa kitandani kwa uzito, akaweka kiganja chake kidogo juu ya ule mfuko, juu ya mkono wa mumewe, akaukandamiza hapo.

"Daktari," alisema bila kugeuka, "mpeni ya kwake. Ile ya rizimu. Ya kwangu nitampigia mwenyewe akirudi nyumbani."

Muuguzi alichukua kalamu na kuanza fomu mpya. Sikitu akamwekea Dokta Urassa shanga nyeusi mkononi. Mzee bado alikuwa anahangaika na kifungo, macho yamemtoka, anataka kusoma amesemwa nini.

"Acha, Fulgence," mkewe alimwambia, ingawa hakuweza kumsikia wala kumsoma. "Acha. Nimesikia."